Gari la Wolfsburg na Njia ya Ahero

Video ilinifikia nikiwa soko la Kibuye, Kisumu, asubuhi moja ya Aprili 2023. Nilikuwa nimesimama kando ya marobota ya mitumba nikimsubiri mtu. Mpwa wangu, muuguzi aliyekuwa akiishi Ujerumani tangu 2017, alikuwa amejirekodi mbele ya mnara wa kioo ambao ndani yake magari yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa kama mayai kwenye trei. Upepo unavuma, anacheka, anafungua mlango wa gari jipya, anakaa, anashika usukani kwa mikono miwili. "Mjomba," anasema, "hili ndilo gari la Mama."

Nikairudisha nyuma video na kuisimamisha pale mlango unapofunguka. Mlango ulikuwa wa kushoto, na usukani ulikuwa mbele ya kiti kile kile.

Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kutoa magari ya watu bandarini Mombasa, kabla sijarudi nyumbani Kisumu. Kisa hiki nakieleza kwa idhini ya mpwa wangu na ya mama yake, ambaye ni dada yangu, kwa sababu bado napigiwa simu na wazazi wa Siaya, Busia na Kakamega wenye watoto ng'ambo wanaotaka kuleta gari. Karibu wote huanza kunieleza gari lenyewe: rangi, injini, viti vya ngozi. Ni nadra mtu kuanza na mahali litakapolala usiku wa kwanza likifika.

Mahali alipolichukulia panaitwa Autostadt, Wolfsburg. Mji wenyewe ulianzishwa 1938 kwa ajili ya kiwanda cha Volkswagen, na Autostadt ilifunguliwa 2000. Pana minara miwili ya kioo yenye urefu wa mita 48, kila mmoja unaingia magari kama 400. Gari likimaliza kiwandani hupitishwa chini ya ardhi hadi minarani, kisha siku ya mwenyewe mtambo hulishusha bila mtu kuliendesha. Mpwa wangu aliniambia alisimama pale ukumbini akiangalia jina lake likitokea kwenye ubao, akasikia machozi yanamlenga. Mtoto aliyesoma kwa taa ya mafuta, akivuka maji ya mafuriko ya Nyando kwenda shule viatu vikiwa mkononi, anaitwa kwa jina na kukabidhiwa funguo za gari ambalo halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine. Furaha ile alistahili, na sijawahi kumwambia vinginevyo.

Shida ilikuwa mpango wake. Alitaka kuliendesha miezi mitatu, kisha alipakie melini Bremerhaven lije Mombasa, ili Krismasi ile mama yake alitumie. Dada yangu, kwake Ahero, alikuwa ameshaanza maandalizi. Alikuwa amekata sehemu ya ua wa minyaa ili kupanua lango, na amejenga banda la mabati lenye sakafu ya simiti. Kuhusu usukani, mtu mmoja anayejishughulisha na biashara ya magari alikuwa amemhakikishia kijana kwa simu kwamba "hilo linabadilishwa Nairobi wiki moja tu."

Jioni ile nilimpigia. Nikamwambia nina maswali matatu, na kila moja peke yake linatosha kulizuia gari.

La kwanza ni huo usukani. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida ya mtu. Yanayoruhusiwa ni machache ya kazi maalumu, kama magari ya zimamoto na ya wagonjwa yanayotolewa kwa msaada. Kwa hiyo gari la mpwa wangu lingefika Mombasa, likashushwa vizuri, halafu likakaa yadini bila njia ya kupata nambari, gharama za kuhifadhi zikihesabiwa siku baada ya siku. Nimeyaona magari ya namna hiyo. Vumbi la bandari linalala juu ya kioo mpaka mtu anaandika jina lake kwa kidole.

Na kubadilisha? Zamani, kwenye gari la chuma na nyaya chache, fundi hodari aliweza. Gari la leo si hivyo. Ukihamisha usukani unahamisha mtambo mzima wa kukatia kona, pedali, dashibodi, mfuko wa hewa wa dereva, furushi la nyaya linalopita chini ya dashibodi, na mpangilio wa waipa unaofagia kioo ukimfuata dereva wa upande ule. Mfuko wa hewa ukiunganishwa vibaya hutajua mpaka siku ya ajali.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau kabisa, nalo ni taa. Taa za gari la usukani wa kushoto zimetengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mwanga wake wa chini hupanda kidogo upande wa kulia ili kumulika ukingo. Lete gari hilo Kenya tunakoendesha kushoto, na mwanga huo unapanda moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja mbele yako. Nilimwomba mpwa wangu ajikumbushe barabara ya Awasi hadi Ahero saa mbili usiku: lori la miwa halina taa za nyuma, boda boda imebeba watu watatu, mama anavuka na ndoo. Hapo ndipo angekuwa anawapofusha watu wa kwao, kila usiku, bila hata kujua.

Alinyamaza. Kisha akaniuliza swali zuri, swali ambalo ndilo lililonifanya niandike. "Mjomba, mbona Wamarekani wanachukua magari viwandani Ulaya na kuyapeleka kwao bila taabu?"

Ni kweli wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Volvo wamekuwa na mpango huo Göteborg, na BMW walikuwa nao München, ambako jengo lao la kukabidhia magari, BMW Welt, lilifunguliwa 2007. BMW waliufunga mpango huo kwa wateja wa Marekani 2020. Lakini ukiangalia mpango ule unavyokwenda, utaona kwamba hauanzii kiwandani. Mteja anaagiza kwa muuzaji wa mji wake huko Marekani. Gari linajengwa kwa masharti ya Marekani, usukani upande wao, taa za kwao, vipimo vya moshi vya kwao. Anapolichukua Ulaya anapewa nambari za muda na bima, anazunguka nalo kama mtalii, kisha analirudisha kwa watu wa meli. Linavuka bahari na kukabidhiwa tena kwa muuzaji yule yule aliyeliagiza. Makaratasi yote yalikuwa yamekamilika nyumbani kabla gari halijaanza kuundwa. Zile siku chache kiwandani ni zawadi iliyowekwa katikati ya safari ambayo miisho yake yote miwili iko Marekani.

Mpwa wangu alikuwa na hiyo zawadi ya katikati tu. Alinunua kama mkazi wa Ujerumani, gari la soko la Ujerumani, akalilipia kodi ya Ujerumani ya asilimia 19. Huku Kenya hakuna aliyekuwa analisubiri isipokuwa mama na banda la mabati.

Swali la pili lilikuwa pesa, na hapa nilimtolea hesabu kwa shilingi 100 ili asipotezwe na mamilioni. Nitaiweka hapa kwa viwango vya 2025, kwa sababu hubadilika na msomaji anahitaji vya karibu. Chukua gari ambalo thamani yake kwa forodha, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, umefika 135. Ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli lenye injini inayozidi cc 1500 bila kupita 3000 ni asilimia 25, lakini unatozwa juu ya hiyo 135, kwa hiyo unaongeza 33.75 na kufika 168.75. VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya hapo tena: 27. Ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, hizi mbili zikihesabiwa juu ya ile 100 ya mwanzo. Jumla ya kodi ni shilingi 100 na senti 25. Yaani unanunua gari mara mbili, mara ya kwanza kwa mwenye kiwanda na mara ya pili kwa serikali. Wengi hujumlisha asilimia zile kana kwamba zote zinatoka kwenye bei ya kwanza, wakapata kitu kama 80, na kile kinachobaki ndicho huwakwamisha bandarini.

Alikuwa amesikia kwamba Mkenya anayerudi nyumbani kutoka ng'ambo hasamehewi ushuru wowote siku hizi. Si kweli. Msamaha upo, ila una masharti, na hapo ndipo swali la tatu: gari ni la nani?

Kijana alisema ni la Mama. Moyoni lilikuwa la Mama. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, msamaha ni wa mtu anayehamisha makazi yake kurudi Kenya, kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia yeye mwenyewe kule nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za melini. Awe ameishi nje miaka miwili au zaidi, na katika miaka hiyo miwili asiwe amekaa Kenya jumla ya siku 90. Gari liwe halijapita miaka 8. Aliye Ahero hawezi kusamehewa kwa sababu mwanawe yuko Ujerumani. Na anayesamehewa akiligawa au kuliuza gari mapema, ushuru uliosamehewa unadaiwa.

Kwa hiyo ile miezi mitatu yake isingemfikisha popote, hata kama usukani ungekuwa kulia.

Nilipomaliza, aliniambia neno moja: "Basi nimeharibu." Dada yangu alikuwa amekaa kando yangu akisikiliza simu kwenye spika. Akamjibu kabla yangu, "Hujaharibu, mwanangu. Endesha gari lako. Banda litakaa na kuni." Nami nikaona aibu, kwa kuwa kijana alikuwa amenitajia habari za gari tangu Januari na mimi nikamjibu kwa pongezi tu. Swali la upande wa usukani lingechukua nusu dakika.

Njia ilikuwepo, nayo ni hii. Mkenya anayerudi kutoka nchi ya usukani wa kushoto, kama amelimiliki gari lake miezi ile 12, anaruhusiwa kuliuza kule na kununua badala yake la usukani wa kulia, lisilopita miaka 8, lenye thamani sawa na lile la kwanza au pungufu, na kuomba msamaha kwa hilo la pili. Mpwa wangu alikuwa tayari na nia ya kurudi kabisa. Kliniki moja Kisumu ilikuwa inamsubiri. Tukabadilisha mpango wote uanzie huku.

Kwanza tulihesabu siku. Alikuwa amekuja kwa mazishi ya nyanya yake, akakaa wiki tatu. Nikamwambia asije likizo nyingine mpaka atakaporudi jumla, na kila muhuri wa pasipoti aupige picha anitumie. Pasipoti ya zamani iliyoisha muda nayo asiitupe. Watu huitupa, kisha hawana namna ya kuonyesha walikuwa wapi.

Pili, karatasi za gari la Wolfsburg. Usajili wa kwanza kwa jina lake, bima ya kila mwezi, leseni yake ya udereva, na siku ya kuliuza, mkataba wa mauzo na ithibati kwamba usajili kwa jina lake umefungwa. Mwaka mzima alikuwa anaweka stakabadhi za petroli kwenye bahasha. Hakuna aliyezidai mwishowe, lakini mtu anayeweza kuonyesha alilitumia gari hana wasiwasi mbele ya meza ya forodha.

Tatu, na hili ndilo nililisisitiza kuliko yote: ni gari gani linafika kwa dada yangu? Kutoka lami hadi langoni ni kilomita moja na nusu ya udongo mweusi wa Kano. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Masika yakianza unageuka kuwa kama ugali usioiva, unashika tairi na kupanda nalo mpaka unajaa ndani ya madigadi. Gari lile la Wolfsburg lilikuwa la kulala chini, zuri sana kwa barabara za Ujerumani. Lingekwama mita mia mbili kutoka barabarani, mvua ya kwanza tu, na tumbo lake likilala kwenye tuta la katikati. Nilimtuma binamu yake apime kina cha nyufa za magurudumu ya trekta kwa rula ya shule, tukamtumia picha rula ikiwa imezama. Nadhani picha hiyo ilimfundisha kuliko hesabu yangu yote ya ushuru.

Akauliza pia kuhusu dizeli, kwa kuwa alipenda nguvu yake. Nikamshauri aiache. Ulaya ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009, na injini zao mpya, zenye vichujio vya masizi, zimeundwa kwa mafuta hayo. Afrika Mashariki ilishuka hadi sehemu 50 Januari 2015. Gari la dizeli la Ulaya linalozunguka kati ya Ahero na Kisumu, safari fupi fupi zisizoipa injini nafasi ya kupata moto wa kuchoma masizi, huziba kichujio chake mapema.

Alilikabidhi gari la Wolfsburg kwa mnunuzi Mei 2024, miezi 13 baada ya kulishusha mnarani. Alipata hasara kwenye bei, kama kila anayeuza gari lililokuwa jipya mwaka uliopita. Alinunua Uingereza, wanakoendesha kama sisi, gari lililoinuka, la petroli, la 2019, bei yake ikiwa chini ya lile la kwanza kwa namna isiyohitaji ubishi. Likakaguliwa huko kwa ajili ya cheti cha ubora kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa. Kiwango chenyewe, KS 1515, ndicho pia kinachobeba lile sharti la miaka 8.

Halafu bahari. Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoiteka Galaxy Leader, ambayo kwa kweli ni meli ya kubeba magari, kampuni nyingi ziliacha Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Meli yetu nayo ilizunguka. Yeye mwenyewe alitua Julai, na anayerudi ana siku 90 za kuingiza gari lake, zikipita lazima aombe kuongezewa. Nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri kuangalia meli iko wapi. Ilifika Mombasa Septemba, siku ya 61. Karatasi zilikuwa zimeshaingizwa kwenye mfumo wa forodha kabla ya meli kutia nanga, na gari likatoka bila kulala yadini siku moja zaidi ya zile za bure. Kwa miaka yangu yote 19, sikumbuki faili iliyonipa furaha kama ile.

Tulilileta kwa barabara, kijana na mimi, tukalala Nakuru. Kuanzia Mau Summit aliniachia usukani, akawa anaangalia majani chai ya Kericho dirishani. Karibu na Awasi aliniuliza kama nadhani alipoteza pesa bure kule Wolfsburg. Nilimwambia nionavyo. Kama angenunua mtumba Ujerumani mwaka ule akautumia miezi 12, haki yake ya kubadilisha ingekuwa ile ile, isipokuwa thamani ya gari la badala ingebanwa na thamani ya mtumba huo. Gari jipya lilimpa nafasi pana ya kuchagua. Hasara aliyopata ilikuwa bei ya nafasi hiyo na ya ile asubuhi kwenye mnara, na mimi sioni ni bei ya kujutia kwa mtu aliyeilipa kwa mshahara wa zamu za usiku. Cha kujutia kingekuwa ile miezi mitatu, kama angepakia.

Logibuku, hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina la mpwa wangu na itabaki hivyo. Mama yake hupelekwa kliniki, kanisani na sokoni Ahero, anakaa kiti cha mbele upande wa kushoto, na siku ya kwanza aliniuliza, "Kwani hiki ndicho kiti alichokalia kwenye video?" Nikamwambia ndicho. Akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Banda la mabati lilibidi tulipandishe, gari lilikuwa refu kuliko mlango wake. Juzi alinipigia mwalimu mmoja wa Kakamega, binti yake yuko Göteborg, ameagiza gari na atalichukua kiwandani mwezi ujao. Akaanza kunieleza rangi. Nikamwomba samahani, nikamuuliza usukani uko upande gani, gari litasajiliwa kwa jina la nani, na mvua ikinyesha kwake ni gari gani hufika mlangoni. La kwanza hakulijua. Akasema anakata simu ampigie binti sasa hivi.